Nani Ashike Usukani

Mbaha,
9 Juni 1996

Wifi Tadea,

Shikamoo. Naamini karatasi hii itakukuta mzima, na biashara yako ya mitumba inakwenda. Huku ziwa limetulia na usipa, dagaa wetu, ni wengi mpaka mahali pa kuanika hapatoshi. Mama yangu mguu bado unamsumbua, ila Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake bila kushikwa. Herieth anasoma vizuri. Mdogo wake ameota meno ya mbele na anang'ata kila kinachopita karibu, mpaka kamba za nyavu.

Sasa niseme lililonikalisha chini kuandika. Emerensiana, jirani yangu anayepandisha usipa huko Mbinga, amerudi juzi. Mimi nilimuuliza habari za baridi tu. Akaniambia, "Mumeo nimemwona. Yuko chini ya kijipu, kigari cha mama mmoja mnunuzi wa kahawa, miguu tu ndiyo iko nje." Nikamjibu kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Akasema, "Kazi ndiyo, lakini safari iliyopita nilimkuta chini ya kijipu hichohicho." Kisha akajifanya anafunga kamba ya kapu lake.

Wifi, wewe ndiye uliyemlea Sixbert baada ya mama yenu kufariki, na nyumbani kwako ndiko anakolala tangu kazi ya malori ya misheni ilipokwisha huku. Sote watatu tulikubaliana: apande Mbinga, afungue gereji, akisimama vizuri atuite. Huu ni mwaka wa tatu. Kila Krismasi huja, hukaa kama mgeni, huondoka. Nikimwandikia hujibu mistari miwili: yuko salama, kazi ni nyingi.

Je, gari huugua kila wiki? Hata mtoto anayeota meno hupumzika. Naomba uniambie unachokiona, usinifiche kwa kunihurumia.

Wako,
Violet


Mbinga,
2 Julai 1996

Mama Herieth, wifi yangu,

Marahaba. Barua yako ililala Mbamba Bay kwa dereva aliyeugua, imenifikia jana. Usipa nao wamefika, asante sana, nimewagawia na majirani. Huku baridi ni ya kufa mtu. Kahawa imeiva, watu wote wako mashambani, na mimi sokoni nauza makoti tu.

Sixbert ni mzima. Anakula vizuri, ingawa siku hizi anachelewa kurudi.

Huyo mama anaitwa Serafina. Ni mjane wa mwalimu, kwao Kigonsera. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa naye ameingia humo, na amepata kijipu, kile kifupi cha milango miwili, kilichotumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Anapanda nacho Mpepai, anashuka Kigonsera, na barabara zetu unazijua. Sixbert anasema kinavuta kushoto na usukani unacheza: unauzungusha kidogo, magurudumu hayajibu. Amebadilisha tairodi, yaani vile viungo vya chuma vinavyoyafanya magurudumu ya mbele yaelekee pamoja. Kikatulia siku chache, kikaanza tena. Sasa anasema labda ni bushi za springi, zile za mpira zinazokaa kwenye macho ya springi. Zimekwisha, nimeziona mwenyewe, zimesagika kama maharage yaliyoungua.

Basi hiyo ndiyo kazi. Mengine sijayaona. Akiwa chini ya gari, mama huyo humletea chai mwenyewe, kwenye chupa, na vikombe viwili. Ana kicheko kinachosikika mpaka kibandani kwangu. Lakini kucheka si dhambi.

Mimi sisemi kitu. Mume wangu nilimwamini nikalala usingizi, na alikoishia unakujua, Songea kwa mwanamke mwenye duka. Sixbert si kama yeye. Lakini ni mwanaume.

Nisalimie mama.

Tadea


Mbaha,
24 Julai 1996

Wifi Tadea,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakushukuru kwa salamu. Kuku wawili wameliwa na kenge. Habari ndogondogo nyingine sina, maana tangu nisome ile habari ya vikombe viwili sina ninachokiona.

Nilikwenda kwa Nazari, yule dereva wa lori anayechukua mihogo hapa. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu: tairodi ikibadilishwa inakaa muda gani? Akasema, "Ikifungwa vizuri na kupakwa grisi, inakaa. Ikirudi kucheza upesi, ama fundi hajui kazi, ama ugonjwa uko pengine."

"Fundi anajua kazi," nikamwambia.

"Basi ugonjwa uko pengine," akasema, akacheka. Wifi, sijui kama alicheka gari au alinicheka mimi. Niliondoka bila kumuaga.

Usiku sipati usingizi. Mchana nikiwa naanika usipa naona chupa ya chai. Najiuliza kama ana mikono laini. Yangu unaijua, imechanwa na nyavu na magamba. Nakumbuka Sixbert alipokuwa anatengeneza malori ya misheni hapa, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji, na ndivyo tulivyojuana. Kwa hiyo najua mambo ya kupeleka kitu gereji yanavyoanza.

Nataka nije huko na watoto sasa, msimu wa kahawa ukiwa bado unaendelea. Mdogo wangu atabaki na mama. Niambie nije na lori la nani.

Violet


Mbinga,
30 Agosti 1996

Mama Herieth,

Nisamehe kwa kukawia. Kumetokea mambo.

Kwanza, salamu kwa mama na watoto. Makoti yamekwisha, nimefungua belo la mashati. Kuhusu kuja, ngoja kwanza. Chumba cha mbele kimejaa magunia ya mahindi, na cha nyuma ndicho anacholala Sixbert, ni kidogo, hamtageuka humo. Tena baridi hii itamuua mtoto mwenye meno mapya.

Sasa sikiliza. Kijipu kimeacha njia. Serafina alikuwa anashuka kutoka Mpepai, kwenye kona anasema alizungusha usukani na gari likaendelea mbele kama halikusikia. Likaingia shambani, likakwama kwenye ngolo za maharage, yale mashimo ya kilimo cha huku. Shukuru mashimo yale, maana mita chache mbele ni korongo. Mkono wa Serafina umeteguka. Angeweza kufa.

Watu wanasema ni kazi mbovu ya Sixbert. Wateja wameanza kuondoa magari yao gereji, wengine hata hawaagi. Yeye amekonda. Anarudi nyumbani, anakaa mbele ya chakula, anazungusha kidole mezani kama anayepima kitu. Ameshabadilisha bushi, amebadilisha shokapu, amepima magurudumu kwa uzi kutoka nyuma mpaka mbele, yamenyooka. Na bado kinavuta.

Umeniomba nikwambie ninachokiona, basi nilikwenda kuona. Amekiinua kwa jeki, magurudumu ya mbele yako juu. Serafina amekaa kwenye usukani na mkono wake uliofungwa kitambaa, Sixbert yuko chini. Nikamuuliza Sixbert kwa nini lazima awe huyo. Akasema, "Dada, mtu mmoja hawezi kuzungusha usukani juu na kushika kiungo chini. Mmoja azungushe, mwingine asikilize kwa vidole." Kisha akasema, "Kushoto. Polepole. Rudisha." Sauti aliyoitumia, wifi, sijaisikia tangu alipokuwa anambembeleza Herieth akiwa kichanga.

Hakupata kitu. Alitoka chini, akaegemea bodi, macho yamemjaa machozi. Serafina akamwambia, "Mimi sikipeleki kwa mtu mwingine. Tutalipata."

Alisema "tutalipata". Nakuandikia kama lilivyosemwa.

Tadea


Mbaha,
14 Septemba 1996

Wifi,

Shikamoo. Tu wazima.

Kama kazi inataka watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, basi wewe ni mtu. Funga kibanda chako siku moja, nenda ukae kwenye usukani huo. Yule mama na mkono wake mbovu akae nyumbani kwake apone.

Nimemwombea asife. Niliomba kweli, kanisani, mpaka nikaona aibu, kwa sababu kabla ya kuomba hilo nilikuwa nimeomba jingine.

Nenda, Tadea. Hili tu nakuomba.

Violet


Mbinga,
6 Oktoba 1996

Mama Herieth, wifi yangu,

Natumaini mko salama na mama amepata nafuu. Huku mawingu yameanza kukusanyika jioni, lakini mvua bado. Kahawa inaelekea mwisho.

Nilikwenda kama ulivyotaka. Sixbert alishangaa, ila hakukataa. Serafina naye alikuwepo, amesimama pembeni na chupa yake.

Mara ya kwanza alikiinua kwa jeki kama kawaida, nikazungusha, hakuna kilichocheza. Kila kiungo kimekaza. Akakishusha chini ili kukifunika, kazi imemshinda. Mimi nilikuwa bado nimekaa mle ndani. Yeye na Serafina walikuwa wanasemezana karibu na gurudumu, na maneno yale hayakuhusu gari. Siyaandiki hapa. Lakini niliyasikia, nikapandwa na hasira. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye usukani. Niliukamata nikaukata kushoto kwa nguvu zangu zote, halafu kulia, kama mtu anayemsukasuka mwizi.

Sixbert akapiga kelele, "Subiri." Nikadhani nimevunja kitu. Akapiga magoti, akaingiza kichwa kando ya gurudumu. "Fanya tena hivyohivyo, dada. Kwa nguvu." Nikafanya. "Tena." Nikafanya tena.

Akatoka anacheka na kulia kwa pamoja. Boksi la stelingi, wifi, lile dubwana la chuma ambalo mti wa usukani unaingia ndani yake, limefungwa kwa bolti kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Bolti zilikuwa nzima. Chesisi yenyewe ndiyo ilikuwa na ufa, pale pale bolti zinapoingia, chini ya tope na rangi nzito. Inaonekana kijipu kiligongwa huko kilikotoka, kikanyooshwa na kupakwa rangi ufa usionekane. Magurudumu yakiwa juu ya jeki hayana uzito, unazungusha kwa kidole, ufa haufunguki. Yakiwa chini, na mtu akikata kwa nguvu, ufa unafunguka kama mdomo na boksi lote linasogea kabla magurudumu hayajasogea. Ndiyo sababu viungo vipya havikusaidia. Fundi makini asingekata usukani namna ile gari likiwa limesimama, anaogopa kuumiza vyuma. Ilihitaji mtu mwenye hasira.

Amefungua boksi, amesafisha, amechomelea ufa na kuongeza bamba la chuma juu yake. Sasa kijipu kinakwenda moja kwa moja. Waliokuwa wakimsema wameanza kurudi gereji na vichwa chini.

Basi umejua. Kazi ilikuwa kazi. Nadhani sasa unaweza kulala, na huna haja ya kuhangaika na safari.

Tadea


Mbaha,
3 Novemba 1996

Wifi Tadea,

Shikamoo. Mama ni mzima na watoto ni wazima. Nakuandikia mume wangu, yaani mdogo wako, akiwa amelala chumbani, kwa hiyo unajua amefika. Herieth amemkalia mlangoni asiondoke tena.

Walifika Alhamisi mchana na kile kijipu, yeye akiendesha na Serafina kando yake. Kijiji kizima kilitoka. Mimi nilikuwa na usipa mpaka kwenye nywele. Nilikuwa nimemuumba kichwani huyo mama kuwa kijana mwenye mikono laini. Kumbe ananipita umri, ana mvi mbele, na mikono yake imekauka kwa kuchambua kahawa. Lakini kicheko ni kweli kama ulivyosema, na alipocheka nilimwona Sixbert anatabasamu kabla hajajua anatabasamu. Mzee akiwa na mvi bado anapendeka, wifi, na hilo halikunisaidia.

Barabara ya kushuka huku ilikuwa imekisukasuka kijipu, kwa hiyo Sixbert akataka kukagua pale alipochomelea. Akalala chini akasema, kwa mazoea, "Mama Serafina, kaa, zungusha." Mama yule akanyanyuka. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango. Sijawahi kukaa kwenye usukani maisha yangu. Niliushika, nikaukata. Kisha nikasikia kutoka chini, "Kushoto. Polepole. Rudisha." Alijua ni mimi, maana aliongeza, "Usiogope." Kila kitu kilikuwa kimekaza.

Tukakaa kula. Serafina akaniambia, "Mama Herieth, vyumba vimeshapakwa chokaa. Nimekuja kukuchukua mwenyewe, ili usione nakukaribisha kwa barua."

Nikamuuliza vyumba gani.

Akamtazama Sixbert, akanitazama mimi. "Viwili vya uani kwangu. Ndiyo malipo ya ufundi wake tangu mwanzo, tulikubaliana hivyo. Alitaka akuite ukiwa na pa kuingia. Mimi nilimwambia akuandikie, akasema atakuambia vikishakwisha. Lakini wifi yako si alikuandikia? Alikuwa kwenye usukani tulipokuwa tunazungumzia siku yenu ya kuhamia."

Tadea, hayo ndiyo maneno ambayo hayakuhusu gari. Ulisikia kwamba mimi na wanangu tunaitwa, ukakamata usukani ukaukata kwa hasira. Ufa umeonekana kwa sababu hiyo, na sijui nikushukuru au nifanye nini. Barua yako ilikuwa na nafasi ya kutosha kunieleza bolti na rangi na bamba. Maneno mawili ya kuniambia "anakuja kukuchukua" hayakuenea. Na hasira yangu juu yako ni kubwa kuliko niliyokuwa nayo juu ya Serafina, kwa sababu yeye hajaniita wifi.

Jioni nilikwenda na Sixbert ufukweni, nikamuuliza waziwazi, "Unampenda?"

Alichelewa kujibu. Nikashukuru alichelewa, angejibu haraka nisingemwamini. Akasema, "Sijamgusa. Lakini siwezi kukwambia nilikuwa nakimbilia gari tu. Wengine walipoondoka na magari yao, yeye alirudi. Kila siku alirudi. Mtu akikusubiri namna hiyo unajisikia vizuri."

"Mimi nimekusubiri miaka mitatu," nikamwambia.

"Wewe nilikuwa nakuonea aibu," akasema. "Yeye sikuwa na sababu ya kumwonea aibu."

Nililia. Naye alilia. Tulirudi nyumbani gizani.

Asubuhi nilimshukuru Serafina kwa vyumba, na nikamwambia sivichukui. Ni mwanamke wa heshima, sikuzunguka, nikamweleza sababu. Hakucheka. Akasema, "Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo." Atamlipa Sixbert kwa namna nyingine, na gari lake mume wangu ataendelea kulitengeneza, ndiyo kazi yake. Lakini mimi sitaamka kila asubuhi nikachote maji kwenye uwanja wake na kumsikia akicheka.

Tunakuja kwako, wifi. Chumba cha mbele. Magunia ya mahindi yatatoka, na kama huna wa kuyatoa nitayatoa mimi, nimezoea kubeba. Najua humtaki mtu mwingine ampikie mdogo wako. Ulimlea, ukaachwa, akabaki yeye. Hayo nayaelewa kuliko unavyodhani, maana na mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe, unayemwona akila kila siku. Tutapika kwa zamu. Tutagombana. Lakini tutagombana tukiwa tunaonana uso kwa uso.

Sixbert anatangulia Jumatatu na hii barua. Sisi tutapanda na lori la Nazari.

Violet


Mbinga,
15 Novemba 1996

Mama Herieth,

Barua yako imefika. Sixbert alinipa akatoka nje, hakuniuliza kitu.

Sina maneno mengi. Uliyoyaandika juu yangu sitayabisha.

Magunia nimeyatoa. Mengine nimemuuzia jirani, mengine yako jikoni. Nimepiga deki na kuweka kitanda changu humo, mimi nitalalia kile kidogo. Blanketi za watoto nimezitenga kwenye belo jipya, nzito, hazijatoboka. Mwambie Nazari asisubiri wiki ijayo, jana usiku imenyesha na mkiendelea kukaa barabara itakatika.

Jambo moja sikukwambia kuhusu chumba hicho. Kina dirisha, na dirisha linatazama gereji moja kwa moja. Miaka yote mitatu nimekuwa nikifunga kibanda mchana, nakuja kusimama hapo katikati ya magunia, nione nani amekaa kwenye usukani.

Ukija nitakupisha.

Tadea